Msafara Usimamishwe na Aliye Nyuma

Barua ya wazi kwa viongozi wa makundi ya pikipiki za porini, Arusha, Moshi na Nairobi

YAH: MAMLAKA YA MFUNGA MSAFARA

Ndugu viongozi,



Kiangazi kimeingia, makorongo yamekauka, na mipango ya safari imeanza kupishana kwenye simu zetu: Engaruka na Natron, Longido kuzunguka Gelai, Kiserian kushuka Magadi, Mtae na Mambo kule Usambara. Naandika mapema, kabla mafuta hayajaingia kwenye matangi, kuomba jambo moja. Katika kila msafara mtakaouongoza msimu huu, mwenye mamlaka ya kuusimamisha awe mfunga msafara, yule anayekaa nyuma kabisa, si yule anayetangulia.

Najua wengine mtashangaa. Kwetu kiongozi ni wa mbele. Ndiye anayeijua njia, ndiye mwenye ramani kwenye usukani, na ndiye tuliyemlipia chai asubuhi. Sina ugomvi na hilo. Lakini wa mbele huendesha kwenye hewa safi, juu ya njia ambayo haijachimbwa, mbele ya mifugo ambayo haijashtuka. Wa kumi na mbili anapita palepale baada ya robo saa, na anachokikuta ni kitu kingine kabisa.

Chukueni njia ya kutoka Mto wa Mbu hadi Engare Sero, kama kilomita 120. Sehemu kubwa yake ni vumbi la majivu ya volkano, laini kama unga wa muhogo. Pikipiki tatu za kwanza zikishalivuruga, linajaa kwenye mifereji na kufunika mawe, na lile lililoruka juu halitui upesi pasipo na upepo. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni mita 17 kila sekunde. Mtu aliyeingia kwenye wingu la vumbi la mwenzake kwa mwendo huo, akakaa humo kwa sekunde tatu tu, amekwenda mita 50 bila kuona anachokanyaga. Na korongo ambalo wa kwanza alilishuka kwa ukingo mgumu, wa nane atalikuta ukingo umemomonyoka na mchanga wa chini umelimwa mpaka gurudumu la nyuma linazama.

Mifugo nayo ni hivyohivyo. Wa kwanza akipita mbio kando ya kundi la ng'ombe, yeye hana shida, ameshapita. Wa tatu anakuta kundi limetawanyika. Wa sita anakutana na fahali katikati ya njia. Wa mwisho anakutana na mwenye ng'ombe, na huyo ana maneno ambayo yalipaswa kumfikia wa kwanza.

Kwa hiyo anayeijua hali halisi ya msafara ni wa nyuma. Ndiye anayeona nani amechoka, nani ameanza kuangusha pikipiki kila baada ya kilomita mbili, nani moshi wake umebadilika rangi. Halafu tazameni tunamweka nani pale. Tunamweka mgeni. Tunamweka mwenye pikipiki inayozimika. Mara nyingi hatumweki mtu yeyote: anayebaki nyuma ndiye wa nyuma, basi.

Mwaka jana, mbele kidogo ya Engaruka, nilimkuta kijana amekaa chini ya mgunga, helmeti ameitundika kwenye usukani, mfuko wake wa maji umekauka mpaka mrija unalia. Alikuwa amesimama kufunga begi lililolegea. Alipoinua kichwa, vumbi la wenzake lilikuwa limeshatua. Kwenye njia panda iliyofuata akafanya ambalo mtu yeyote angelifanya: akafuata njia yenye alama nyingi zaidi za matairi. Zilikuwa alama za bodaboda waliokwenda mnadani. Alizifuata mpaka akaona mbuzi wengi na pikipiki yenye magunia, ndipo akarudi na kukaa. Kundi lake silitaji. Waligundua kuwa hayupo walipokaa kula, saa mbili baadaye, na kila mmoja aliapa kuwa alidhani yuko nyuma na mwingine. Kiongozi alijitetea kwamba alituma ramani ya mahali walipo kwenye kundi la WhatsApp. Ni kweli aliituma. Ilimfikia kijana siku ya pili yake, Mto wa Mbu, mtandao uliporudi.

Hakuna aliyekuwa na roho mbaya pale. Walikosa utaratibu, na utaratibu wenyewe upo, unatumiwa na waendesha pikipiki wa nchi nyingi, na unaelezeka kwa dakika tano kwenye kituo cha mafuta.

Anayeongoza anapofika njia panda yoyote yenye utata, husimama na kumwonyesha wa pili mahali pa kubaki, kisha huendelea. Wa pili anaegesha upande wa njia inayofuatwa, mahali anapoonekana kwa mbali, na kazi yake ni moja: kila anayekuja amwonyeshe njia kwa mkono. Haondoki mpaka amwone mfunga msafara kwa macho yake. Akishamwona, anaingia mbele yake na safari inaendelea. Aliyekuwa wa tatu sasa ni wa pili, na njia panda ijayo ni zamu yake.

Utaratibu huu hauhitaji mtandao, ramani wala kumbukumbu nzuri. Una masharti matatu tu. Hakuna anayempita kiongozi wala anayebaki nyuma ya mfunga msafara. Aliyeachwa njia panda haondoki, hata ikipita saa nzima, hata duka la soda likiwa mita mia mbili kutoka pale. Na kila mtu amjue mfunga msafara kwa sura na kwa vazi. Reflekta za bodaboda zinauzwa kila mtaa, nunueni moja, iwe yake.

Ikiwa mfunga msafara hatokei, msiwaache watu wote kugeuza na kurudi mbio kutafuta. Kwenye njia ya upana wa pikipiki moja, anayerudi na anayekuja hukutana uso kwa uso kwenye kona, na hapo mtakuwa na majeruhi wawili badala ya pancha moja. Kiongozi asubiri kwenye kituo mlichokubaliana, tuseme dakika 15, kisha arudi yeye na mtu mmoja tu, taa zikiwaka, wakishika kushoto. Kila njia panda atamkuta mtu wake amesimama. Akifika kwa yule aliyesimama nyuma kuliko wote, ameshajua kuwa tatizo liko kati ya njia panda hiyo na ile iliyo nyuma yake. Badala ya kutafuta nyika nzima, anatafuta kipande kimoja cha njia.

Kwenye msitu au kwenye vijia vya mashambani, ambako njia panda ziko kila mita mia, utaratibu huo huchosha. Huko kila mtu na awe na dhamana ya aliye nyuma yake. Ukifika penye kuchagua njia, simama mpaka umwone, akuone, ndipo uondoke. Wa nyuma akisimama, aliye mbele yake atasimama, na habari itapanda mpaka kwa kiongozi bila mtu kupiga kelele. Udhaifu wake ni kwamba mtu mmoja msahaulifu anaukata mnyororo mzima, ndiyo maana napendelea utaratibu wa kwanza popote nchi ilipo wazi.

Nimeshasikia pingamizi: tumekuja kufurahi, hatukuja kupiga gwaride. Lakini fikirini nani anafurahi sasa hivi. Mwenye kasi anageuza shingo kila dakika kutazama kama wenzake wapo, maana pikipiki zetu nyingi hazina hata vioo. Mwenye mwendo mdogo anakimbia kuliko uwezo wake kwa hofu ya kuachwa, na ajali nyingi ninazozijua za makundi yetu zilianzia hapo, kwa mtu wa nyuma aliyekuwa anajaribu kuwafikia wenzake. Mkiweka mtu kila njia panda, mwenye kasi anakimbia kwa amani na mpole anakwenda mwendo wake, kwa sababu wote wawili wana uhakika. Nafasi ya sekunde kumi kati ya pikipiki na pikipiki, ambayo kwenye kilomita 60 kwa saa ni kama mita 170, inawezekana pale tu ambapo hakuna anayeogopa kupotea. Mkitaka watu waache kung'ang'ania vumbi la wenzao, waondoleeni hofu hiyo kwanza.

Sasa kuhusu mfunga msafara mwenyewe. Asiwe mgeni wala aliyechelewa. Awe mmoja wa waendeshaji wenu bora, mtulivu, anayejua spana. Yeye hampiti mtu hata mara moja: aliye mbele yake akisimama kujisaidia, naye anasimama. Mzigo wa maana ukae kwake: tyubu ya inchi 21, ambayo ikilazimika huingia hata kwenye tairi la nyuma la inchi 18, pampu, viraka, kiungo cha cheni, leva ya klachi, kamba ya kukokotea, mfuko wa huduma ya kwanza na lita mbili za maji ambazo si zake. Na awe na neno la mwisho kwenye mambo manne: kusimamisha safari, kupunguza njia, kumwambia mtu kwamba kwa leo inatosha, na kugeuza msafara saa inapokuwa imekwenda. Kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na giza haliombi hodi. Mwenye kujua kama kundi litafika kabla ya giza ni yule anayewaona waliochoka.

Mafuta nayo hupimwa kwa mnyonge. Honda yenye tangi la lita 12, ikienda kilomita 25 kwa lita, inafika kilomita 300. Pikipiki ya mashindano yenye tangi la lita 8.5, ikila lita moja kwa kilomita 15 kwenye mchanga, inafika kilomita 127. Kutoka Mto wa Mbu hadi Engare Sero ni 120. Aliyekosea njia mara moja tu amekwisha. Kwa hiyo safari nzima ipangwe kwa tangi dogo kuliko yote, na mtu asihesabu mafuta ya chupa ya kijijini mpaka ameiona chupa.

Idadi pia. Zaidi ya wanane, gaweni makundi mawili, kila moja na kiongozi wake na mfunga msafara wake, yaachane nusu saa. Na msiende porini chini ya wanne. Hesabu yake ni rahisi: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, wawili wanakwenda kutafuta msaada, maana anayekwenda peke yake kwa haraka na hofu ndiye majeruhi wa pili.

Siku ya ajali, msafara wa kienyeji na msafara wenye utaratibu huonekana tofauti dakika ya kwanza. Kwenye ule wa kienyeji watu kumi wanamzunguka majeruhi, tisa wakitoa ushauri na mmoja akimvua helmeti. Kwenye ule wenye utaratibu, wa kwanza kufika anaegesha pikipiki yake nyuma ya tukio ili wanaokuja wasiwagonge, wa pili anakagua damu na pumzi, wa tatu anaandika saa. Helmeti haivuliwi ila pumzi ikiwa imezuiwa, kwa sababu shingo hujaiona ndani. Damu inayomwagika inakandamizwa kwa nguvu, na mkono hauinuliwi kuchungulia. Aliyegonga kichwa akauliza swali lilelile mara mbili, hata kama anacheka na kudai yuko sawa, hapandi tena pikipiki siku hiyo. Atakasirika. Mfunga msafara abaki na ufunguo.

Simu husoma majira ya nukta ya mahali ulipo hata pasipo na mtandao, hivyo wafundisheni watu wote kuyasoma na kuyaandika kwenye karatasi, ili wale wawili wanaokwenda kutafuta msaada wawe na la kusema. Kwa upande wa Tanzania, mmoja ashughulikie fomu ya PF3 polisi wakati wengine wanampeleka majeruhi hospitali. Kabla ya safari, ulizeni kila mtu kama ana bima au uanachama unaogharamia kusafirishwa kwa ndege. Madaktari wa ndege wa AMREF wamekuwa wakiruka kutoka Nairobi tangu mradi huo uanzishwe mwaka 1957, baada ya madaktari watatu wa upasuaji kuuchora chini ya Kilimanjaro, lakini ndege haishuki palipo na mawe: mwenye kupanga safari ajue kiwanja cha karibu kiko wapi. Na katika kila kijiji mnachopita, chukueni namba ya bodaboda mmoja. Siku ya shida atafika kabla ya wote, kwa njia ambayo haimo kwenye ramani yenu, na atakuwa radhi zaidi kuja ikiwa asubuhi mlipita kijijini kwake kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya watu waoga. Nawakumbusha mbio za Dakar, ambazo hakuna anayeziita za waoga. Zilizaliwa kutokana na mtu kupotea: mwaka 1977 Mfaransa Thierry Sabine alipotea na pikipiki yake Sahara akiwa kwenye mbio za Abidjan hadi Nice. Akaokolewa, na mwishoni mwa 1978 akaanzisha Paris–Dakar. Kwenye mbio hizo hizo, ambako dakika ni ubingwa, mshindani anayesimama kumsaidia mwenzake aliyeumia hurudishiwa muda wake. Januari 2020 huko Saudi Arabia, Mreno Paulo Gonçalves alianguka jangwani. Toby Price wa Australia, bingwa mtetezi, alimkuta, akashuka, akabaki naye. Gonçalves alifariki siku hiyo. Price alirudishiwa muda wake. Waandaaji wa mbio ngumu kuliko zote wameandika kwenye kanuni kwamba mtu aliye chini ana thamani kuliko saa. Sisi hatuna hata saa ya kushindana nayo. Hatuna kombe, hatuna zawadi, tuna nyama choma inayotusubiri, na nyama inaweza kupashwa moto.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yajadiliwe kwenye vikao vyenu kabla ya safari ya kwanza ya msimu:

Moja, makundi yote yakubaliane utaratibu mmoja wa njia panda, ili mgeni kutoka Nairobi akija Arusha, au wa Moshi akienda Magadi, asilazimike kujifunza upya.

Mbili, jina la mfunga msafara litangazwe kabla injini hazijawashwa, pamoja na mamlaka yake, mbele ya watu wote, kiongozi akiwepo na kukubali kwa kinywa chake.

Tatu, kila kundi liwe na angalau watu watatu waliofundishwa huduma ya kwanza na mtu mwenye ujuzi, wala si kwa video.

Nne, kila anayeongoza misafara afunge msafara mara moja katika kila safari tatu. Hili ndilo nitakaloling'ang'ania kuliko yote. Kiongozi aliyekula vumbi la watu saba kutwa nzima, akakokota pikipiki ya mgeni kilomita kumi, akaombwa radhi na mwenye ng'ombe au akamwomba yeye, safari ijayo ataongoza kwa namna nyingine bila kufundishwa na mtu.

Tano, anayemwacha mwenzake njia panda kwa makusudi, au anayeondoka kwenye zamu yake kabla mfunga msafara hajafika, akae nje safari mbili. Hata akiwa ndiye mwendeshaji hodari kuliko wote. Hasa akiwa ndiye.

Sitaki mnijibu kwa maneno mazuri. Kundi litakalokubali kujaribu utaratibu huu kwenye safari yake ya kwanza, na likakosa mtu wa kukaa nyuma, lije linichukue. Reflekta ninayo, kamba ninayo, na maji ya ziada nitabeba mimi.

Nawasilisha.

Mwendesha pikipiki mwenzenu,
Arusha